Mteja Hakatai, Anaahirisha: Niliyoyaona Programu za Biashara Zilipodorora Mara Mbili

Kazi yangu ni ya programu ambazo hakuna anayezitaja mpaka zigome: uhasibu, ghala, mishahara, manunuzi. Niliingia mwishoni mwa miaka ya 1990 nikiwa mfungaji wa mifumo kwa wateja, baadaye nikahamia mauzo, na siku hizi nasimamia mikataba inayofikia muda wa kuhuishwa. Nimepita kwenye midororo miwili ya biashara hii, ule wa 2001 na ule ulioanza 2022, nikiwa kwenye kampuni mbili tofauti. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye ndani ya kampuni ya namna hii leo, anayeona watu wa mauzo wamenyamaza na wakubwa wanaingia vikaoni mlango ukifungwa, lakini taarifa ya mwezi bado inapendeza. Taarifa ile huchelewa. Katika programu za biashara shida huanza muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye hesabu, na nafuu nayo ni hivyohivyo. Ukijua pa kutazama utaokoa pesa, na pengine ajira za watu.

Mwaka 1999 tuliuza bila jasho. Mifumo mingi ya zamani ilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, na wakurugenzi waliogopa kwamba ikifika 1 Januari 2000 kompyuta zingedhani ni 1900. Kupekua msimbo, yaani maandishi ya maagizo yanayoendesha programu, wa miaka ishirini nyuma mstari kwa mstari kulikuwa ghali, tena aliyeuandika mara nyingi alishastaafu, kwa hiyo wengi waliona heri wanunue mfumo mpya. Huko Ulaya euro ilikuwa imeanza kutumika katika hesabu na benki tangu 1 Januari 1999, na programu isiyoijua haikuwa na kazi tena. Wawekezaji nao walikuwa wakimwaga mitaji popote palipotajwa intaneti, na kampuni changa zilizopata mitaji hiyo zilinunua programu kama zetu kabla hata hazijapata mteja wa kwanza.

Sasa, mfumo wa uhasibu hukaa miaka kumi, wakati mwingine na zaidi. Aliyenunua 1999 kwa kuogopa tarehe hakuwa na sababu ya kununua tena 2001 wala 2003. Sehemu kubwa ya mauzo yale ilikuwa ni mauzo ya miaka iliyofuata, yaliyowahishwa. Uongozi wetu ukapanga malengo kana kwamba hofu ile ingekuja tena kila Desemba. Tukaajiri wauzaji, tukachukua ghorofa nyingine kwa mkataba wa miaka mingi. Ghorofa ile ilitutesa kuliko kitu kingine chochote. Mtu unaweza kumpunguza, lakini mwenye jengo anadai kodi yake mpaka siku ya mwisho ya mkataba.

Soko la hisa lilianguka mapema. Tarehe 10 Machi 2000 faharasa ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa kwenye soko la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifunga kwenye 5,048.62, kilele chake. Siku kumi baadaye MicroStrategy, kampuni ya programu za kuchambua takwimu za biashara, ilitangaza kwamba ingerekebisha hesabu zake za miaka ya nyuma, na hisa zake zikashuka zaidi ya asilimia 60 kwa siku moja. Kufikia 9 Oktoba 2002 Nasdaq ilikuwa 1,114.11, karibu asilimia 78 ilikuwa imeyeyuka, na kilele kile hakikufikiwa tena mpaka 2015.

Lakini ofisini kwetu mwaka 2000 ulikuwa mzuri. Watu waliokuwa wakisema mambo yataharibika walionekana wachawi. Sababu ilikuwa nyepesi tu: pesa za mwaka ule zilitoka kwenye bajeti zilizopitishwa mwaka uliotangulia. Mteja mwenye bajeti iliyokwisha kupitishwa huitumia, maana asipoitumia hunyang'anywa. Bajeti za 2001 ndizo zilizoandikwa na watu waliokwisha kuogopa.

Ishara ya kwanza niliyoiona ilikuwa kwenye sahihi. Zamani meneja wa idara aliweza kuidhinisha ununuzi wa kiasi fulani peke yake. Karatasi zilezile zikaanza kupanda hadi kwa mkurugenzi wa fedha, baadaye hadi kwenye bodi. Hakuna aliyetuambia hapana. Walisema, “Sisi tumeshakubaliana, tunasubiri kikao tu.” Kikao kikasogezwa. Kisha mtu muhimu akawa safarini. Kisha wakataka tuwaonyeshe tena kitu kilekile tulichowaonyesha miezi mitatu nyuma, safari hii mbele ya watu wapya. Kwenye orodha yetu ya wateja tarajiwa dili hizo ziliendelea kuandikwa kwamba ni karibu ya uhakika, robo ya mwaka baada ya robo.

Tangu wakati ule sitazami kwanza thamani ya dili. Natazama tarehe ya kusaini imesogezwa mara ngapi, na mtu wa mwisho anayetakiwa kusaini amepanda cheo au la. Dili iliyosogezwa mara mbili bila mteja kutaja sababu inayoshikika naitoa kwenye matarajio ya robo, hata kama muuzaji ananuna. Anaweza kuirudisha siku atakayokuja na tarehe iliyotajwa na mteja mwenyewe.

Enzi hizo tuliuza leseni za kudumu: mteja analipa mkupuo mmoja, halafu kila mwaka analipa ada ya matengenezo, ambayo katika biashara hii kwa kawaida ilikuwa kati ya asilimia 18 na 22 ya bei ya leseni. Kwa kuwa kampuni zilipimwa kila robo, dili nyingi zilifungwa wiki ya mwisho ya robo, na wateja walilijua hilo vizuri sana. Walikuwa wanakaa kimya mpaka siku mbili za mwisho, halafu idara ya manunuzi inapiga simu kuuliza punguzo. Mwaka 2001 punguzo ambalo zamani lilihitaji ruhusa ya mkurugenzi mkuu likawa ndilo bei ya kuanzia mazungumzo.

Hapa pana hesabu ambayo ningependa kila muuzaji aifanye kwa mkono. Tuseme leseni ni 100 na ada ni asilimia 20, yaani 20 kwa mwaka. Ukiuza kwa nusu bei unapoteza 50 leo. Ada nayo inakuwa 10, na mteja akikaa miaka kumi umepoteza 100 nyingine. Punguzo la siku moja ya Juni linalipwa na watu wa matengenezo kwa miaka kumi, na wao hawakuwa chumbani wakati linatolewa. Kama lazima upunguze, andika kwenye mkataba kwamba ada itahesabiwa kwa bei kamili ya orodha, au mpe mteja mafunzo na siku za ufungaji badala ya kukata bei. Wengi hukubali. Anachohitaji mtu wa manunuzi ni kuweza kuwaambia wakubwa wake kwamba amepata kitu.

Ndugu yake punguzo ni leseni zinazolala. Unamwambia mteja mwenye watumiaji 120 kwamba akichukua leseni za watumiaji 500 bei ya kila mmoja itakuwa ndogo mno. Anachukua. Mwaka unaofuata mhasibu wake anauliza kwa nini wanalipa ada ya matengenezo ya watu ambao hawapo. Nimekaa upande wa pili wa meza kwenye mazungumzo hayo. Hakuna jibu la heshima.

Na kuna barua za pembeni. Mkataba rasmi unasema mteja amenunua na hawezi kurudisha, lakini barua ndogo isiyofika kwa wahasibu inamwambia anaweza kughairi kabla ya tarehe fulani, au hatalipa mpaka kitu fulani kitengenezwe. Sheria za hesabu za Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa wazi kwamba mauzo yenye ahadi kama hizo hayawezi kuandikwa yote kama mapato siku hiyo. Kwetu wazo hilo lilipendekezwa na mtu wa juu yangu, na mwanasheria wa kampuni akalizima papo hapo. Wengine hawakuwa na mwanasheria wa namna hiyo. Computer Associates, moja ya kampuni kubwa za programu duniani, ilikuwa na mtindo wa kuacha vitabu wazi siku kadhaa baada ya robo kwisha ili kuingiza mikataba iliyosainiwa baadaye. Wafanyakazi waliuita mwezi wa siku 35. Aliyekuwa mkurugenzi mkuu wake, Sanjay Kumar, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2006. Ukiombwa kurudisha tarehe nyuma, hata siku moja, hata na bosi unayemheshimu, kataa kwa maandishi.

Kupunguzwa kwa wafanyakazi kulikuja kwa awamu, na hilo ndilo lililovunja watu. Awamu ya kwanza ilipokwisha tuliambiwa imetosha. Baada ya ya pili tuliambiwa tena. Tangu hapo hakuna aliyeamini neno lolote. Watu waliacha kuchukua likizo kwa kuogopa kurudi na kukuta meza tupu. Waliacha kufundishana kazi, kwa sababu aliyekufundisha anaweza kuwa amejiandalia mrithi wa bei rahisi. Mimi sikuwa nalala vizuri, na kila simu ya ndani ilipolia moyo ulinipasuka. Aliyebaki kazini naye huwa ameumizwa, ila kwake hakuna anayempa pole.

Kwa muuzaji, mdororo ni kukatwa mshahara bila barua. Kamisheni ilikuwa zaidi ya nusu ya kipato changu, na ilikwisha kimyakimya. Halafu kulikuwa na zile haki za kununua hisa za kampuni kwa bei iliyowekwa siku uliyoajiriwa. Bei ya soko iliposhuka chini ya bei hiyo, karatasi zile zilikuwa hazina maana yoyote. Na waliobaki na karatasi tupu tu walikuwa wenye bahati. Marekani kuna watu walioitumia haki yao mwaka 2000, wakazishikilia hisa badala ya kuziuza, na mwaka uliofuata wakadaiwa kodi kwa thamani ya siku waliyozichukua, wakati hisa zenyewe zilikuwa zimebaki makapi. Kama una karatasi za namna hiyo, ongea na mtu wa kodi kabla ya kuzigusa, na usizihesabu kwenye mipango ya nyumba wala ada za shule.

Kosa lililoiumiza kampuni kuliko yote, na bado naona likirudiwa kila mahali, lilikuwa uamuzi wa nani atangulie kutoka. Wauzaji walihesabiwa kuwa ndio wanaoleta pesa, watu wa huduma kwa wateja wakahesabiwa kuwa ndio wanaozila. Basi kikakatwa kitengo cha huduma. Lakini wakati ule leseni mpya zilikuwa karibu hakuna. Mishahara yetu ililipwa na ada za matengenezo za wateja wa zamani. Tulikuwa tumewaondoa watu waliokuwa wakiwashikilia wateja hao na kuwabakiza watu waliokuwa wakiwafukuzia wengine wasiosaini. Ndani ya mwaka mmoja wateja wakaanza kuandika kwamba hawataki tena matengenezo: simu haipokelewi, hitilafu hairekebishwi, analipia nini?

Nafuu haikuanzia kwa uongozi. Ilianzia kwa dada mmoja aliyebaki kwenye huduma kwa wateja, ambaye alikuwa na tabia ya kuandika ni mteja gani amepiga simu, lini, na kwa shida gani. Wakubwa walikuwa wakiwaogopa wateja wanaolalamika. Yeye akawaonyesha orodha ya wale walioacha kupiga kabisa. “Hawa hawakunyamaza kwa kuridhika,” alisema. “Hawa wameacha kutumia.” Tukaanza kuwatembelea wale walionyamaza, bila karatasi ya bei mkononi. Tukaketi na makarani.

Tuliyoyaona yalitia aibu. Mteja mmoja alikuwa anatoa takwimu zote kwenye mfumo wetu, anazimimina kwenye lahajedwali kama Excel, anafunga hesabu za mwezi huko, kisha anarudisha jumla kwa mkono. Mwingine alinunua sehemu ya manunuzi na hakuna aliyewahi kuifungua, kwa sababu siku ya mafunzo iliangukia siku ya kufunga hesabu. Tukawarekebishia ripoti, tukawafundisha upya, tukawaondolea hatua zisizo na maana kwenye kufunga mwezi. Kazi hizo tulizitoza bei ndogo.

Udogo wake ndio uliotusaidia. Uwezo wa meneja kusaini ulikuwa umepunguzwa, haukuwa umeondolewa. Tulipokata huduma na sehemu za mfumo katika vipande ambavyo kila kimoja kilikuwa chini ya kiwango hicho, meneja alisaini mwenyewe, wiki ileile, bila bodi. Wauzaji wakubwa walizidharau dili hizo kwa kuwa kamisheni yake ilikuwa ya kununulia soda. Lakini zilileta fedha taslimu, zilirudisha matumizi, na mteja anayetumia mfumo haitupi ankara ya matengenezo ikija. Kama uko ndani ya mdororo sasa hivi, jambo la kwanza la kumuuliza mteja wako ni hili: unaweza kusaini mwenyewe mpaka kiasi gani? Panga bei yako kuanzia hapo.

Kazi nyingine zililetwa na sheria. Baada ya kashfa za hesabu za uongo katika kampuni za Enron na WorldCom, Marekani ilipitisha sheria ya Sarbanes-Oxley Julai 2002, na wakuu wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa wakatakiwa kuzithibitisha hesabu zao kwa sahihi zao na kuonyesha udhibiti wa ndani ulivyo. Ghafla swali la nani anaweza kuidhinisha malipo kwenye mfumo, na kama kuna kumbukumbu ya aliyebadilisha nini, likawa swali la bodi. Kitu ambacho mteja analazimishwa na sheria hakisubiri uchumi upone.

Wakati huohuo kila mteja alitaka kujua kama tutakuwepo kesho. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Juni 2003 Oracle ilitangaza kutaka kuinunua PeopleSoft, mshindani wake katika programu za biashara, kwa takriban dola bilioni 5.1, mvutano ukaendelea mwaka mzima na nusu, na PeopleSoft ikafikia kuwaahidi wateja wapya kurudishiwa mara kadhaa ya pesa zao iwapo kampuni itanunuliwa na programu zao kutelekezwa. Mwisho ilinunuliwa kwa karibu dola bilioni 10.3. Mwaka 2005 Oracle ikakubaliana kuichukua na Siebel, kampuni nyingine ya programu za biashara. Sisi tulikuwa wadogo mno hata kugombaniwa, lakini wateja walisoma habari hizohizo. Kilichowatuliza ni kuweka nakala ya msimbo wetu kwa mtu wa tatu, kwa makubaliano kwamba kampuni ikifa mteja anaruhusiwa kuichukua na kujihudumia. Gharama yake si kubwa. Ukiwa mnunuzi, lidai; na hakikisha inasemwa kwamba nakala itahuishwa kila toleo jipya likitoka, maana msimbo wa miaka minne nyuma haukusaidii.

Tulijuaje kwamba tumepona? Hakukuwa na siku ya kushangilia. Nakumbuka tu kwamba kufikia 2004 wateja ndio walikuwa wakipiga kuuliza tunaweza kuanza lini. Hapo ndipo tukagundua hatuna wa kuwafungia. Wafungaji wenye uzoefu tulikuwa tumewaondoa, na mpya huchukua karibu mwaka kabla ya kuaminiwa peke yake kwa mteja. Tulisaini mikataba tukaichelewesha sisi wenyewe.

Mwaka huo wa 2004, mwezi Juni, Salesforce iliyoanzishwa 1999 iliingia kwenye soko la hisa. Ilikuwa ikiuza matumizi ya programu kupitia intaneti kwa malipo ya kila mtumiaji kila mwezi, na wengi kwenye kundi letu waliiona kama mchezo. Kuhama kutoka leseni kwenda usajili kuna bonde katikati: mteja aliyekuwa akilipa mkupuo sasa analipa kidogokidogo, na mapato yanashuka kabla hayajapanda. Adobe, kampuni ya programu za picha na nyaraka, ilipouhamisha uzito wake kwenye usajili, mapato yake yalitoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi takriban bilioni 4.06 mwaka 2013, ndipo yakaanza kupanda. Asiye na akiba ya kuvukia bonde hilo asianze safari.

Niliutaja usajili kwa sababu ndio ulioufanya mdororo wa pili uwe mgumu kuuona. Chanzo chake kilifanana na cha kwanza. Mwaka 2020 na 2021, watu walipofungiwa nyumbani, kampuni zilinunua kwa haraka programu za kuwawezesha kufanya kazi kwa mbali. Ununuzi wa miaka mingi ukabanwa katika miezi michache. Kisha Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mtaji wa bure ukaisha. Januari 2023 Salesforce ikatangaza kupunguza karibu asilimia 10 ya wafanyakazi wake, Microsoft watu 10,000, SAP takriban 3,000. Tarehe 10 Machi 2023 Silicon Valley Bank, benki ya kampuni nyingi changa za teknolojia, ikafungwa na wasimamizi, siku ileile ya mwaka ambayo Nasdaq ilifikia kilele miaka 23 nyuma, jambo ambalo halina maana yoyote lakini lilinifanya nicheke peke yangu.

Leseni za kudumu zilipoacha kuuzwa, pigo lilionekana robo hiyohiyo. Kwenye usajili linajificha. Chukua kampuni yenye wateja 100 wa mikataba ya mwaka mmoja, tarehe zao zikiwa zimetawanyika sawasawa: kila mwezi ni wateja wanane hivi tu wanaopata nafasi ya kupunguza au kuondoka. Mikataba ikiwa ya miaka mitatu, hawafiki watatu. Waliobaki wanaweza kuwa wameshaamua moyoni, na mapato yao bado yanaingia kama kawaida. Tena wengi hawaondoki, wanapunguza. Wamepunguza wafanyakazi, kwa hiyo watumiaji waliokuwa 300 wanakuja kuwa 210, na hilo utalisikia siku ya kuhuisha.

Ndiyo maana nafuatilia mambo ambayo hayamo kwenye taarifa ya fedha. Ni nani ameacha kuingia kwenye mfumo? Yule aliyetupigania wakati wa kununua bado yupo kazini? Idara ya manunuzi ikiomba nakala ya mkataba katikati ya mwaka, kuna kikao kimefanyika. Mteja akiuliza jinsi ya kutoa takwimu zake zote kwa pamoja, ameshaanza kuzungumza na mwingine.

Mwaka 2023 nilipendekeza tuwaendee wateja miezi sita kabla ya tarehe ya kuhuisha na tuwaambie sisi wenyewe kwamba wanalipia watumiaji wasiokuwepo. Mkuu wa mauzo aliniuliza kama nimetumwa na washindani. Nilimweleza kwamba watagundua tu, na watakapogundua wenyewe watakuja na barua ya kuondoka na si ya kupunguza. Tukapunguza hesabu yao, nao wakasaini miaka miwili badala ya mmoja. Mapato yalishuka, na ilibidi niketi nikiulizwa maswali kwenye vikao vichache visivyopendeza. Wengi wao bado wapo. Kampuni ilipopunguza watu, ilipunguza mara moja, ikasema waziwazi kwamba kitengo cha huduma hakiguswi, na kauli hiyo ikashikiliwa. Ilikuwa chungu, lakini waliobaki waliweza kufanya kazi Jumatatu iliyofuata.

Kwa aliyepewa barua ya kuondoka: usisaini siku hiyohiyo, hata wakikuambia ni utaratibu tu. Dai kwa maandishi kamisheni za dili ulizofunga ambazo mteja bado hajalipa. Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Hesabu siku za likizo unazodai. Soma kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa washindani, na uombe kifutwe, kwa sababu siku hiyo wana haraka kuliko wewe. Orodha ya wateja iache ilipo. Na nikitazama waliopata kazi mapema katika midororo yote miwili, wengi ni wale waliojua kazi ya mteja yenyewe, jinsi hesabu inavyofungwa au ghala linavyohesabiwa. Waliojua tu kubofya vitufe vya programu moja walisubiri zaidi.

Hivi sasa mezani kwangu kuna mkataba wa mteja anayetumia akili bandia kusoma ankara za wauzaji wake na kuziingiza kwenye mfumo. Makarani waliokuwa wakifanya kazi hiyo wamehamishwa, kwa hiyo anataka kulipia watumiaji wachache, ilhali ankara zinazopita kwetu zimeongezeka. Tumempa bei ya kila ankara badala ya bei ya kila mtu. Ameikubali, kwa sharti la kuwekewa kikomo cha juu kwa mwaka. Kikomo hicho sisi tunakitaka kiwe juu kidogo kuliko anavyotaka yeye, na wiki ijayo mkurugenzi wake wa fedha ataingia kwenye mazungumzo kwa mara ya kwanza.